Kamanda Chuma Shingoni mwa Mbuzi

Jumatano, 5 Juni 1996

Nimemwona! Kamanda Chuma! Hapa Garissa, soko la mifugo, ananing'inia shingoni mwa mbuzi jike mweupe. Nilikuwa naandika vibali vya kusafirisha ng'ombe, ndiyo kazi yangu ya ukarani. Kalamu ikanidondoka. Rangi yake nyekundu imechakaa, sikio moja halipo. Lakini ni yeye.

Niandike hapa yasiyojulikana na mtu. Nilipokuwa mtoto kule Kakamega, ndani ya makopo ya kakao mlikuwa na vidoli vya plastiki vilivyoitwa Mashujaa Saba, kimoja kila kopo. Baba alinunua kopo Krismasi tu. Miaka saba ya kungoja, nikawapata wote. Kisha nikiwa darasa la sita nikambadilisha Kamanda kwa mandazi mawili, nikiwa na mpango kabambe wa kumrudisha jioni ileile. Mpango ulikataa. Sasa nina miaka thelathini na minne na bado roho inaniuma. Wale sita wamo sandukuni chini ya kitanda. Hawana mkubwa wao.

Mwenye mbuzi ni Mzee Warfa wa Balambala. Mtu wa kawaida angemwomba kidoli. Mimi si mtu wa kawaida. Ukionyesha unachokitaka, bei inapanda. Nitanunua mbuzi! Kamanda atakuja bure.

Nikamsifia mbuzi. Meno, kwato, kiwele. Nilisifia hadi mkia. Dalali Barre akanishika mkono chini ya shali, maana hapa bei husemwa kwa vidole ili wengine wasijue. Sikuelewa hata kidole kimoja. Sikutaka aone mimi ni mgeni, basi nikakubali kila kidole. Barre alitabasamu sana. Mshahara wa Juni umekwisha na Juni ndiyo kwanza imeanza.

Halafu balaa. Mzee Warfa akaifungua kamba ya shingoni, Kamanda akiwa juu yake, akaitia mfukoni mwa koti! Akanieleza kwa upole kwamba kwao mnyama huuzwa, kamba haiuzwi. Kamba ikitoka, baraka ya zizi inaifuata. Nikalalamika kwamba sina kamba ya kumvutia mbuzi nyumbani. Mzee ni mkarimu. Akanipa nyingine ya katani, mpya kabisa. Nikashukuru.

Alhamisi, 6 Juni

Mbuzi amekula kalenda. Amekula fomu za vibali, nakala zote tatu. Nimerudi saa saba kula chakula cha mchana nikakuta sanduku liko wazi. Mwanaanga, mmoja wa wale sita, hana mguu! Nililia. Kweli nililia, na sioni haya kuandika.

Wakati huohuo nani anachungulia dirishani? Mwalimu Kasyoka, jirani yangu, mwalimu wa hesabu. Huyu naye anakusanya Mashujaa. Anao watano, amewapanga juu ya redio ili sisi tunaopita tuumie. Kamanda hana. Aliniuliza kwa nini nafuga mbuzi sebuleni. Nikasema daktari ameniandikia maziwa. Akamtazama mbuzi chini, akasema huyu amekauka zamani. Akaenda zake akicheka. Mwanamke huyu asijue lolote!

Jumamosi, 8 Juni

Akili imefunguka! Kamba haiuzwi, sawa. Lakini kamba inaweza kukaguliwa. Na ofisi ya mifugo ni sisi!

Mkubwa wangu, Bwana Ndirangu, yuko Nairobi mpaka Jumatano. Muhuri uko kwenye droo. Nimeandika tangazo kwa Kiswahili kizito: kwa sababu ya kupe, kamba zote za shingoni kutoka Balambala ziletwe Jumatano, zitarudishwa baada ya siku mbili. Kamanda atabaki kwangu kwa uchunguzi. Mahali pake nitafunga kitufe kikubwa chekundu. Mzee hataona tofauti.

Nimempa Barre alisambaze tangazo. Akaniuliza ni kupe gani hao wanaoishi ndani ya kamba. Nikamwambia ni wapya.

Jumatano, 12 Juni

Walikuja. Wote! Wa Balambala, na wa mbali kuliko Balambala. Barre alisambaza vizuri mno. Kamba za mbuzi, za punda, za ngamia. Zikajaa mezani, sakafuni, juu ya taipureta. Mama mmoja, Ramlo, alileta kamba ya kuanikia nguo asije akatozwa faini. Nje, wanyama wasio na kamba wakaenda walikotaka. Ngamia mmoja alikuja kwenye dirisha langu akabaki hapo asubuhi nzima.

Saa nne akaingia Mzee Warfa. Akaiweka kamba yake mezani kwa mikono miwili, safi, inanukia sabuni. Na tupu! Nikamwuliza kwa sauti ya serikali iko wapi ile sehemu nyekundu.

“Ile blastiki?” akashangaa. “Baraka iko kwa kamba, bwana karani, si kwa blastiki. Mimi nimesafisha kamba kwa ajili ya serikali. Blastiki nimepea mwalimu Kasyoka. Alikuwa anabita hapo nje, akaomba tu.”

Akaomba tu! Nilikaa chini juu ya kamba. Mzee akaniuliza kama ni malaria. Na hapo ndipo gari lilipoingia, Bwana Ndirangu akashuka na begi lake, akakuta ngamia mlangoni.

Alhamisi, 13 Juni

Bwana Ndirangu hakupiga kelele. Ningefurahi angepiga. Aliuliza kupe wako wapi. Nikasema wametoroka. Akaufungia muhuri kwenye kabati lake na ufunguo akautia mfukoni.

Adhabu yangu: kurudisha kila kamba kwa mwenyewe, kwa mkono wangu, na kuomba radhi. Hazina majina! Mimi nilidhani kamba ni kamba. Kumbe kila mtu anaijua yake kwa kuipapasa tu, na wanamcheka karani asiyejua. Mzee Warfa pekee hakucheka. Alinipa kikombe cha maziwa ya ngamia, akaniombea dua nipone.

Bwana Ndirangu aliniaga kwa kusema akili nyingi huondoa maarifa. Sijui alikuwa anamsema nani.

Ijumaa, 14 Juni

Kasyoka amekuja na baiskeli yake. Kamanda Chuma amefungwa kwenye usukani! Juani! Vumbini!

Akasema siku ile dirishani aliwaona wale sita sandukuni, akajua ni nani ninayemtafuta. Akasema wake watano wanamtosha. Nikimtaka Kamanda nimwombe tu, atanifungulia palepale. Neno moja, tafadhali. Alisema polepole, kwa sauti ile anayofundishia darasa la kwanza.

Nakiri neno lilifika kooni. Nilimtazama Kamanda na nikawa mtoto tena, nikamkumbuka baba na lile kopo lake la Krismasi. Midomo ikafunguka. Halafu akili ikanishika shati. Nani duniani humtoa Kamanda Chuma kwa neno moja? Huu ni mtego wa mwalimu wa hesabu. Ukishaomba, umeshaonyesha unachokitaka, na hapo umekwisha.

Basi sikuomba. Sikumtazama tena Kamanda. Nikaisifia baiskeli. Kengele, matairi, kiti, hata kile kibati cha kuzuia matope. Nikamwambia nimetafuta baiskeli kama hii miaka mingi. Akaniuliza kama nina hakika. Nikasema hakika kabisa. Akasema haya, atafikiria bei.

Amenasa! Mbuzi nitamtoa kama sehemu ya malipo. Kuendesha baiskeli sijui, lakini hiyo ni kazi ya wiki ijayo.