Mguu Wangu wa Kulia Hauna Hatia

Kwako Ndugu Mwenye Gereji,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na mafundi wako, na kwamba lile bati la pembeni halivuji tena. Mimi ni mzima, isipokuwa jina langu.

KUH: KUPAKWA MATOPE KWA MGUU WANGU WA KULIA

Mimi ni mwalimu wa udereva, mstaafu. Nimefundisha miaka thelathini na moja, na kila aliyepita mikononi mwangu anaijua sheria yangu ya kwanza: mguu haulali kwenye breki. Jumamosi ya wiki iliyopita nilileta gari langu la otomatiki kwako kwa sababu taa za breki ziliwaka hata likiwa limeegeshwa, na kwenye mlima lilikosa nguvu kama limeanza mfungo. Nilikuja na mke wangu. Malalamiko yangu ni haya:

1. Fundi wako, yule dada mpole wa ovaroli la bluu, alichomeka mashine ya kupimia chini ya usukani, akaiweka juu ya dashibodi, kioo chake kikimtazama mke wangu. Sijui kwa nini hakikunitazama mimi, ambaye jina langu ndilo liko kwenye kadi ya gari. Mke wangu akasoma kwa sauti, kama anayesoma tangazo la msiba: "Pedali ya breki, asilimia kumi na nane."

2. Fundi akaniambia, "Mzee, toa mguu kwenye breki." Nikautazama mguu wangu wa kulia. Ulikuwa umetulia sakafuni kama mkwe aliyekuja kuposa. Nikamjulisha hivyo. Akaniomba tena, kwa adabu ile ile, na hiyo adabu ndiyo iliyoniumiza. Walikuwepo watu sita, akiwemo mpiga rangi wenu, ambaye alicheka huku brashi inadondosha. Mke wangu hakucheka. Alijishika shingo tu, akasema, "Miaka yote namwambia."

3. Gari likabaki kwenu, na Jumatatu nikaitwa peke yangu. Hapa sina budi kusema ukweli: kazi ya fundi wako ilikuwa safi. Alinishusha, akafunga mlango, gari likabaki tupu, na mashine ikashikilia kwamba kuna mtu anakanyaga asilimia kumi na nane. Akasema huenda ni sensa ya pedali. Sensa niliyoijua mimi ni ile ya kuhesabu watu, na kwa kweli iliniingia akilini, maana hii ilikuwa imemhesabu mtu asiyekuwepo. Akanielewesha kuwa ni kifaa kidogo kinachokaa kwenye pedali na kuiambia kompyuta ya gari imekanyagwa kiasi gani. Hakukimbilia kukibadilisha. Alipima kwanza umeme unaoingia, ukawa sawa. Akafuatilia waya, haukukatika. Akachomoa plagi, haikuwa na kutu. Kisha akaibonyeza pedali kwa mkono, taratibu, na namba badala ya kupanda polepole zikaruka kama chura: thelathini, tano, sitini. "Waya hauna kosa," akasema. "Mwongo ni huyu." Kweli kikulacho ki nguoni mwako.

Lalamiko lenyewe ni hili: nilipoaibishwa, palikuwa na watu sita na mke wangu. Niliposafishwa tulikuwa wawili tu, na mmoja alikuwa amelala chali chini ya usukani.

4. Nyumbani maji yamezidi unga. Mke wangu amehamia kiti cha nyuma, anafunga mkanda na kukishika kiti changu kwa mikono miwili. Binti yetu alipiga simu kusema wajukuu wataenda shule kwa miguu kwa sasa, maana, "Baba, hata kompyuta imeona." Nikamweleza habari za sensa mwanzo hadi mwisho. Akanijibu "Sawa, Baba," kwa sauti anayoitumia kazini kwake, ambako anauguza wazee. Siku hizi bomba likiachwa wazi naulizwa mimi, na nikikana, mke wangu anashauri tuiite mashine.

5. Sensa mpya ilipofungwa, fundi alisema ni lazima ifundishwe sifuri yake iko wapi. Ilifundishwa dakika mbili, ikafaulu. Mimi sijawahi kumfaulisha mtu chini ya wiki sita. Sisemi zaidi.

Kwa hiyo naomba, kwa heshima zote, nipewe cheti chenye muhuri kinachoutaja mguu wangu wa kulia kwamba hauna hatia. Naomba pia wale watu sita waitwe, wasimame pale pale waliposimama, na mke wangu aketi mbele aisome hiyo sifuri kwa sauti ile ile ya msiba. Kisha fundi auombe radhi mguu wenyewe. Mimi nimeshamsamehe, mguu bado. Kiatu nitavua mwenyewe, na soksi itakuwa safi. Haya yakishindikana, nitaiandikia serikali itunge sheria kwamba hakuna sensa itakayotoa ushahidi dhidi ya mtu mwenye familia kabla ya kula kiapo.

Nifikishie salamu kwa mafundi wote, kwa mlinzi wa getini, na kwa mpiga rangi pia, ingawa zake ziwe fupi.

Ni mimi, niliyesingiziwa,
Mwalimu wa Udereva (Mstaafu)

Tanbihi: Leo asubuhi nilikuwa nikiileta barua hii kwa gari, mke wangu akiwa nyuma. Getini kwako tumemkuta fundi akishuka kwenye pikipiki, katoka kununua vipuri. Akasema amekuwa nyuma yetu tangu kwenye mzunguko na taa zetu za breki hazikuzimika hata mara moja, akahofia sensa mpya nayo ni mbovu. Akachomeka mashine. Nikiwa nje: sifuri. Nikiwa ndani, nimekaa kama ninavyokaa nikiendesha: kumi na moja. Mguu wa kulia ulikuwa kwenye mafuta, mahali pake halali. Fundi akainama, akachungulia, akaniuliza kwa adabu kiti cha mwalimu wa udereva kina pedali ngapi. Nikamjibu moja. Akauliza ni ya nini, na miaka yote nilizoea kuikanyaga kwa mguu upi.

Mguu wa kushoto sikuutaja popote hapo juu kwa sababu hakuna aliyewahi kuushuku, mimi nikiwa wa kwanza.

Tumerudi nyumbani na barua mfukoni, mke wangu akiwa kiti cha mbele, mkono wake juu ya goti langu la kushoto. Usidhani ni mapenzi. Kila mguu ulipojisogeza, alifinya. Nimefinywa mara ishirini na mbili, na ile ya mwisho gari lilikuwa limeshazimwa.