Gari la Kanisa na Mlima wa Subukia

Jumatatu, 4 Agosti 1958. Bahati.

Gari la kanisa limeniaibisha mbele ya Mchungaji. Tumetoka Subukia saa nne, likivuta vizuri. Tukaanza kupanda mlima kurudi Bahati. Kona ya tatu likaanza kukohoa. Kona ya nne likatambaa. Ya tano, kimya! Mchungaji Kosgei akauliza kuna nini. Nikamwambia ni petroli chafu. Akauliza kama nina hakika. Nikasema nimeendesha magari ya Wazungu miaka sita. (Ilikuwa miezi sita, na lilikuwa trekta. Lakini shajara hii ni yangu, haisomwi na mtu.)

Tulikaa nusu saa kando ya barabara. Nikazungusha tena hendeli ya kuwashia injini. Likawaka kana kwamba halijafanya kosa lolote.

Niko kwenye majaribio ya udereva wa kanisa mpaka mwisho wa mwezi. Kimaiyo, dereva wa lori la shamba, anaitaka kazi yangu. Jana wakati wa mahubiri alikuwa akilitazama gari kupitia dirisha. Mimbari hakuitazama hata mara moja.

Jumanne, 5 Agosti

Nimetoa petroli yote na kuichuja kwa kitambaa cha Meza ya Bwana. Safi kabisa! Nikafungua kabureta. Ina vipande vingi kuliko nilivyotarajia. Nilipoirudisha zikabaki skrubu mbili. Nimezitia mfukoni.

Likawaka. Nikashuka Subukia peke yangu, nikapanda. Kona ya tatu, kikohozi. Kwa hiyo si petroli. Lakini siwezi kumwambia Mchungaji kwamba si petroli, kwa sababu jana nilisema ni petroli.

Alhamisi, 7 Agosti

Nimekwama tena mlimani. Nikiwa nimekaa kwenye jiwe nikingoja lipoe, akapita mtu mwenye jembe begani. Jina lake Waithaka. Anasema alikuwa fundi wa gereji mjini Nakuru kabla Serikali haijampeleka kambini, kizuizini. Aliachiliwa mwezi wa tatu. Gereji hazimtaki sasa, kwa hiyo anapalilia maua ya pareto shambani kwa Mzungu, hapo chini tu.

Akaanza maswali. Likiwa baridi linavuta? Linavuta. Linachoka baada ya dakika ngapi? Sikupima. Cheche ya plagi ina rangi gani likiwa limechoka? Nikamjibu kwamba moto una rangi ya moto.

Akaomba afungue boneti. Nikakataa. Mtu akiingiza mkono humo na kuuona ugonjwa, kesho atakuwa dereva. Hakukasirika. Alisema tu, "Haya, bwana. Lakini gari lako linaugua joto, na kungoja hakutaliponya." Akaenda zake.

Kungoja hakutaliponya! Mbona likingoja nusu saa linapanda? Shida ni moja tu: kupata sababu ya kungoja ambayo abiria hawataiuliza.

Jumapili, 10 Agosti

Nimeipata!

Tulikuwa tukitoka Subukia baada ya ibada, Mchungaji na wazee watatu. Kona ya pili, kabla kikohozi hakijaanza, nikasimamisha gari, nikazima injini, nikavua kofia. Nikasema moyo wangu umeguswa, tuombe. Niliombea mvua, pareto, ng'ombe, wagonjwa, wajane, Malkia na walioko kambini. Nusu saa nzima. Gari likapoa. Kona ya sita nikaguswa tena. Mzee mmoja alilia. Tukafika Bahati bila kusukuma.

Mchungaji amenishika mkono akasema hakujua kwamba mimi ni mtu wa namna hiyo. Hata mimi sikujua.

Jumanne, 12 Agosti

Wazee wamekutana. Wanataka kunifanya shemasi. Kimaiyo amesema mbele ya watu kwamba hajawahi kumwona Roho anayeshuka watu wakipanda tu. Wazee wamemkemea kwa wivu. Nimemwombea, kwa sauti ya kusikika.

Alhamisi, 14 Agosti

Jana sikuandika. Nilirudi usiku sana. Nitajaribu leo.

Jana mchana niliitwa Subukia. Mugure, binti wa kwaya, alikuwa na uchungu tangu juzi. Mtoto amelala vibaya. Mkunga alisema hawezi zaidi, apelekwe hospitali Nakuru. Mumewe yuko kambini tangu mwezi wa pili. Tulimlaza nyuma ya gari, kichwa chake mapajani mwa mama mkwe wake, Wangare.

Kona ya pili nikasimama. Nikavua kofia. Wangare akasema, "Wewe kijana, endesha! Tutaomba tukifika."

Nikaendesha. Kona ya tatu likakohoa. Kona ya nne likafa.

Niligeuka. Mugure hakuwa akipiga kelele. Alikuwa akiniangalia tu, midomo imepauka, kana kwamba mimi ndiye ninayejua kitakachofuata. Nilifungua mdomo niseme petroli. Nikaufunga.

Nikakimbia. Nilishuka kwa njia ya mkato, mwendo wa dakika chache, hadi kwenye pareto, nikiita jina la Waithaka kama mwendawazimu. Aliponiona alitupa jembe. Hakumuaga nyapara. Kuacha palizi bila ruhusa, na hana pasi ya kutoka Subukia: angeweza kurudishwa alikotoka. Alijua hivyo. Alipanda mlima mbele yangu.

Alifungua boneti. Akachomoa plagi moja, akaiweka juu ya chuma cha injini ikiwa na waya wake, akaniambia nipige hendeli. Cheche ikatoka ya manjano, nyembamba, kama inayoomba radhi. Akagusa mkebe mweusi wenye waya mnene, akaondoa mkono upesi. Akasema ni koili. Ndiyo inayozipa plagi umeme, na imezeeka. Ikipata moto umeme unapungua, ikipoa unarudi. Ndiyo maana likipumzika linapanda. Basi! Siku kumi, na jibu lilikuwa mkebe wa ukubwa wa kikombe.

Wangare akavua kitambaa chake cha kichwa. Waithaka akakilowesha kwa maji ya kibuyu, akaizungushia koili, akiwa mwangalifu maji yasifike kwenye nyaya. Dakika chache. Tukapima tena. Cheche ya bluu, kali, ikalia ta!

Tuliondoka. Waithaka alikaa juu ya madigadi, boneti imefungwa wazi kwa kamba, akimimina maji kidogo kidogo kwenye kile kitambaa. Kona ya tano. Ya sita. Ya nane. Sikuamini mpaka nilipoyaona mabati ya Bahati.

Kwenye kizuizi cha barabarani askari akamdai Waithaka pasi. Nikasema huyu ni fundi wa kanisa, na kama anataka kumshusha, basi apande yeye akae pale aimwagilie koili maji. Askari akamtazama Mugure. Akainua mti wa kizuizi. Katika maisha yangu nimesema uongo mwingi. Huo ndio wa kwanza uliomfaa mtu mwingine.

Saa kumi na moja, hospitalini Nakuru, nesi akatoka. Wamempasua. Ni msichana. Wote wawili wazima. Wangare akakaa chini sakafuni, ndipo akaomba. Sentensi moja tu.

Jumapili, 17 Agosti

Baada ya ibada Mchungaji aliuliza ni nani aliyegundua ugonjwa wa gari. Nilisimama niseme kwamba tulishirikiana. Wangare alisimama kabla yangu. Alisimulia yote: plagi, koili, kitambaa, na kofia yangu ya kona ya pili.  Nikasikia Kimaiyo akicheka puani.

Ushemasi umekwisha. Kazi amepewa Waithaka, dereva na fundi, na Mchungaji mwenyewe amekwenda kumwombea pasi. Wamefunga koili mpya. Gari limepanda mlima wote bila kusimama. Kimaiyo amekosa pia, na hilo limenifariji kidogo.

Jioni nilimfuata Waithaka kumwomba msamaha kwa ile siku ya jiwe. Alikuwa akinawa mikono. Akasema, "Ulikimbia kuniita. Wengine wangekaa na aibu yao, mama yule akafa."  Nimerudi nyumbani nikaapa: kuanzia leo, nisilolijua nitasema silijui.

Jumatatu, 18 Agosti

Kinanda cha kanisa, kile cha kukanyaga ili kipate pumzi, kimeharibika. Kwaya ikifika ubeti wa tatu, pumzi inakiishia na sauti inazama. Mwalimu wa kwaya akauliza kama kuna mtu Bahati anayevijua vinanda. Watu wakatazamana. 

Nikainua mkono.

Nimewaambia wasitafute fundi Nakuru, ni kazi ya asubuhi moja. Kesho nakifungua. Waithaka, ambaye alikuwa mlangoni, akaniuliza polepole kama najua ndani mna nini.

Nikamwambia mna nyimbo.