Benki Isimame Mahali pa Mama

Jumatatu, 18 Machi 2024

Mvua. Alunguli, mtaa wetu wa Kindu, nzima tope. Mama bado yuko Kibombo.

Nieleze kwa utaratibu. Mama hununua mpunga kwa wakulima wa Kibombo, lakini halipi palepale, maana hana fedha. Magunia yanapanda gari moshi hadi Kindu, Mama mdogo Bibiche anayapeleka kwenye mashine ya kukoboa, kisha anauza mchele sokoni. Mama mwenyewe anabaki kwa wakulima. Anakula nao, analima nao, anangoja. Fedha zikifika, wanamwachia. Kungoja huko wao hukuita kuketi.

Bibi alinieleza kabla hajafariki kwamba desturi hii ilizaliwa na vita. Gari moshi lilikoma, wafanyabiashara wakapotea na mpunga wa watu, na wakulima wakaapa: gunia halitoki kijijini kama mtu hajaketi.

Desturi nzuri. Kwa wakulima.

Mama mdogo anauza polepole. Kila mteja lazima kwanza ahadithie habari za watoto wake wote, na mwenye watoto tisa ananunua kikombe kimoja. Nimemkumbusha kwa heshima kwamba dada yake anangoja. Amejibu kwamba mchele si samaki, hauozi.

Nywele zangu zimezeeka. Mama alizisuka kabla hajaondoka. Clémentine, anayekaa nami dawati moja, ameuliza kama ni kiota, na kama ndege wanalipa kodi. Darasa likacheka. Mama mdogo amejitolea kunisuka upya. Nimekataa. Kichwa hiki kina mwenyewe.

Jumatano, 20 Machi

Siku kubwa! Mwalimu Florentin wa somo la biashara ametufundisha barua ya dhamana ya benki. Wafanyabiashara wakubwa huiita letre de kredi. Mnunuzi wa nafaka anaenda benki, benki inawaandikia wakulima: huyu asipolipa, tutalipa sisi. Wakulima wanalala usingizi. Mwalimu akagonga ubao kwa chaki na kusema, "Kwa hiyo benki inasimama mahali pa mnunuzi."

Mahali pa mnunuzi! Mnunuzi ni Mama!

Nikainua mkono, nikauliza kama benki inaweza pia kuketi. Mwalimu akasema swali halieleweki. Mimi nililielewa.

Clémentine akatangaza kwamba mama yake anayo barua hiyo, ndani ya plastiki, na ndiyo sababu mama yake hulala nyumbani. Kweli. Misuko ya Clémentine ni mipya kila Jumapili. Niliandika tu pembeni ya daftari: Benki Kibombo. Mama nyumbani. Kabla ya Pasaka.

Ijumaa, 22 Machi

Nimepiga pasi sare, nimevuka mto Lualaba kwa mtumbwi, nimefika benki na tope kwenye kiatu kimoja tu. Mlinzi akauliza kama mimi ni mteja. Nikasema niko njiani kuwa mteja. Akanipisha.

Madame Odette wa dirisha la pili ni mtu mwema. Alinisikiliza hadi mwisho. Akaeleza kwamba barua inapatikana bila shida yoyote. Mama aweke kwanza benki fedha zinazolingana na thamani ya mpunga, au alete hati za nyumba. Nyumba yetu ni ya kupanga. Nikamwambia, kwa adabu, kwamba tungekuwa na fedha hizo tungewapa wakulima, na Mama angekuwa jikoni sasa hivi.

"Ndiyo, mwanangu," akasema. "Banki njo vile inafanyaka."

Nimefikiri sana ndani ya mtumbwi. Benki husimama mahali pa mtu aliyekwisha kusimama mwenyewe. Mwalimu Florentin hakufika sehemu hiyo. Labda ni ya mwaka ujao.

Madame Odette alinipa kalamu yenye jina la benki. Inaandika vizuri kabisa. Si bure basi.

Jumapili, 24 Machi

Jumapili ya Matawi. Nimepata njia nyingine. Likelemba!

Akina mama wa soko huchanga kila wiki na kupokezana. Nimewaza: chungu chao cha fedha kikalale benki badala ya kulala chini ya kitanda cha Mama Mwavita, mtunza fedha wao, benki iandike barua, Mama arudi. Fedha hazitaguswa. Zitaketi tu.

Nikawaeleza baada ya misa, uani kwa Mama Mwavita, nikichora kwa mkaa ukutani: hapa benki, hapa wakulima, hapa Mama. Mama Mwavita amefunga Ramadhani na anakaanga mandazi ya kufuturu ambayo hawezi kuyaonja, kwa hiyo hana subira nyingi. Akauliza: mchele usipouzwa, benki itamla nani? Nilifundishwa kutosema uongo. Nikasema, itawala ninyi.

Mama Mwavita akageuza andazi moja.

"Wee mutoto," Mama Mwavita akasema mwishowe, "uko na akili ya kutufilisi, na adabu ya kutuomba ruhusa."

Wakacheka mpaka mmoja akakaa chini. Halafu wakamwombea Mama, Wakristo kwa Waislamu, sala nzuri sana, ndefu. Chungu kikarudi chini ya kitanda. Mimi nikafuta ukuta.

Mama mdogo ameuza kidogo leo. Alikuwa na habari nyingi za kuwahadithia wateja: habari zangu.

Jumatatu, 25 Machi

Mama amepiga simu. Huko mtandao unashika juu ya kichuguu tu, tena upepo ukikubali. Nilimwuliza kama anakula. Akauliza kama nasoma. Akaanza kusema kitu kuhusu nywele zangu, na simu ikakatika. Nimebaki na simu sikioni muda mrefu, kama mjinga.

Basi. Kama benki haitaki kuandika, nitaandika mimi. Si kughushi! Sikutaja benki yoyote. Nimeandika hivi, kwa kalamu ya Madame Odette:

"Kwa wakulima waheshimiwa wa Kibombo. Sisi wa nyumba ya Mama Adolphine, Alunguli, tunasimama mahali pake. Asipolipa yeye, tutalipa sisi, hata kama itachukua maisha yetu yote, ambayo kwa upande wangu bado ni marefu. Tafadhali mwacheni aje Pasaka."

Nikatia sahihi: Divine. Mama mdogo akatia dole gumba bila kusoma, alikuwa na mteja. Barua bila muhuri si barua, kwa hiyo nikachonga muhogo mkavu: suke la mpunga na jina la familia. Nikapaka wino. Suke limetoka kama mfupa wa samaki. Nimeuacha. Mfupa wa samaki nao una heshima yake.

Baba Franck, jirani yetu mwenye pikipiki, anakwenda Kibombo kesho. Barua iko ndani ya plastiki. Plastiki nzito kuliko ya kina Clémentine.

Alhamisi, 28 Machi

JIBU!

Mama alipanda kichuguu na kunieleza yote. Wakulima walikutana. Katekista aliisoma barua kwa sauti, wakamwomba airudie. Wengine walitokwa na machozi penye "maisha yetu yote". Muhuri ulizungushwa mkono kwa mkono na wote wakausifu, samaki mzuri. Kisha akasimama Baba Okito, mkubwa wao, ambaye Mama anakaa kwake. Mama alinirudishia maneno yake neno kwa neno, na sikujua kama anacheka au analia.

"Barua hii iko muzuri sana. Banki yenyewe haiwezi kuandika vile. Lakini barua hailali kwetu, haili kwetu, hata tukiikasirikia haisikii. Mutuletee mutoto mwenye kuiandika. Yeye akae, mama yake aende."

Nimekubaliwa! Mimi, dhamana! Darasani hakuna aliyewahi kuwa dhamana.

Mama alikataa. Baba Okito akasema ni wiki ya mapumziko ya shule tu, na kwamba Mama akiwa sokoni mwenyewe mchele utaisha haraka. Hapo alisema kweli. Mama hahadithii kitu. Anapima, anafunga, anasema asante. Mwishowe akakubali.

Nimefunga sanduku. Mama mdogo amenitazama kwa namna ya ajabu, akauliza kama nimepiga hesabu vizuri. Nimemwambia mpango unakwenda kama ulivyopangwa. Mama nyumbani kabla ya Pasaka.

Naongeza Ijumaa: ni kwenye gari moshi tu nilipopiga hesabu tena. Mama nyumbani. Mimi Kibombo.

Jumamosi, 30 Machi

Nimemwona Mama.

Alikuwa stesheni, amekonda, amevaa kitenge cha mke wa Baba Okito. Lori la kumpeleka Kindu lilikuwa linapakia mafuta ya mawese. Alinikalisha juu ya gunia, akatoa kitana kifuani, akaanza kufumua kiota. Mikono yake ina sugu mpya. Inanuka moshi na sabuni, kama zamani. Nilifumba macho. Nilitaka madumu ya mawese yawe mengi, yawe elfu, yawe ya kupakiwa mpaka mwakani.

Alimaliza upande wa kushoto. Dereva akapiga honi.

"Ningoje," Mama akasema. "Huu mwingine nitakuja kuumaliza."

Lori likaondoka. Nikatembea hadi kwa Baba Okito na nusu kichwa. Watu walinisalimia kwa upande mmoja na kunishangaa kwa upande wa pili.

Jumatatu, 8 Aprili

Shule imefunguliwa Kindu. Mimi nimeketi.

Pasaka tulikula wali na sombe ya majani ya muhogo. Wali wenyewe ulikuwa wa mpunga huu wetu wa matatizo. Wananitendea vizuri. Nimejifunza kupalilia.

Leo nilipanda kichuguu. Mama alikuwa na habari njema. Siku ileile niliyoondoka, Mama mdogo alipata mteja mmoja, mpishi wa shule ya bweni, asiye na mtoto hata mmoja wa kuhadithia. Alinunua magunia yote yaliyobaki! Kwa hiyo kama nisingeandika barua, Mama angeachiwa tu, na tungekula Pasaka wote Alunguli, na kichwa changu kingekuwa kizima.

Fedha zimefika kwa Baba Okito. Nikakimbilia sanduku langu. Baba Okito akakohoa. Wakulima, akasema, wamempenda Mama mno, na Mama amekubali shehena ya pili, kubwa zaidi, maana dhamana tayari ipo.

Nikapanda kichuguu tena. Mama akasema itakuwa wiki mbili tu. Akauliza kama nimekasirika. Nikasema hapana. Mtandao ukakatika kabla hajauliza tena.

Clémentine sasa ana dawati zima peke yake.

Lakini nimefikiri. Kosa halikuwa mpango. Kosa lilikuwa muhuri. Nani atachukulia kwa uzito barua yenye mfupa wa samaki? Mke wa Baba Okito ana mihogo mikavu nyuma ya jiko, migumu, mizuri kabisa kwa kuchonga, na kalamu ya Madame Odette bado ina wino. Nimeanza: "Kwa wakulima waheshimiwa. Sisi tunasimama mahali pa Divine."

Mke wa Baba Okito amepita, ameona nusu ya kichwa changu, ameleta kigoda na kitana. Nimemshukuru sana. Nimemwambia huo upande umeshawekwa dhamana.