Ombi la Kusimamisha Umri wa Kaka Oyoo

Princess Adoyo Oluoch,
Kidato cha Pili,
Nyumba ya juu ya jiwe,
Mtaa wa Mawe Mawili, Kirumba,
Mwanza.

13 Julai, 2025

Mzee Lufungulo,
Mwenyekiti wa Mtaa,
Nyumba yenye mbuzi, chini ya jiwe,
Mtaa wa Mawe Mawili.

Ndugu Mwenyekiti, shikamoo.

YAH: KUZUIA CHAKULA CHA JIONI CHA KUMPONGEZA KAKA YANGU KWA KUZALIWA

Mimi ni mtoto wa mwisho wa Mzee Oluoch. Unanifahamu, lakini Mwalimu Modesta, anayetufundisha Kiswahili, anasema barua rasmi humchukulia kila mtu kuwa mgeni, kwa hiyo naomba univumilie nikijitambulisha. Mimi ndiye niliyekunawisha mikono mwaka jana na kukumwagia kidogo kwenye soksi.

Jumamosi ijayo nyumbani kwetu kutakuwa na chakula cha jioni cha siku ya kuzaliwa ya kaka yangu Oyoo, fundi wa injini za boti pale ufukweni. Umealikwa kuwa mgeni rasmi, kama kila mwaka. Nakuandikia kwa heshima kukuomba usije, na pia uwazuie wengine wote wasije, mimi mwenyewe nikiwemo. Najua ombi hili si la kawaida. Lakini mwaka juzi ulipiga marufuku mbuzi kupanda juu ya jiwe letu, na mbuzi walitii, hata wale wa kwako. Mtu anayetiiwa na mbuzi hawezi kushindwa na familia moja.

Malalamiko yangu ni haya yafuatayo.

1. Mhusika amekua. Kaka Oyoo ana ndevu. Katika somo la Uraia tumefundishwa kwamba mtu akifikisha miaka kumi na minane anaweza kupiga kura, na sikuona mahali palipoandikwa kwamba baada ya hapo mama yake atamshikia mkono wakati wa kukata keki. Mama yetu humshikia. Humwimbia pia, akiwa amefumba macho, na wimbo ukiisha humfuta mdomo kwa ncha ya kanga kabla hajala chochote. Bi Gulbanu wa Nyamagana, ambaye ametuokea keki hiyo tangu kaka alipotimiza mwaka mmoja, bado huweka juu yake gari dogo jekundu la sukari, kwa sababu hakuna aliyewahi kumwambia kwamba mtoto amekua. Mwaka jana kaka alilila lile gari taratibu, akiwa ameinamisha kichwa, akaanzia na magurudumu.

2. Maji. Ni desturi kwamba mwenye siku yake humwagiwa maji bila kutarajia. Sipingi desturi. Ila mtaa wetu ziwa tunaliona kila siku, na maji ya bomba tunayaona yakipenda, na siku yasipopenda mimi ndiye ninayeyapandisha juu ya jiwe kwa ndoo. Kumwagia mtu mzima maji niliyoyapandisha mwenyewe, tena aliyekwisha kuoga, ni jambo linaloniumiza shingo.

Tena kuna suala la ndoo ya bluu. Mwaka jana binamu zangu waliichukua nyuma ya mlango wa jikoni na kuimwaga yote wakitokea nyuma ya kiti cha kaka. Hawakujua kwamba ndani yake mlikuwa na samaki aitwaye kamongo, akiwa hai, ambaye Mama alimnunua soko la Mwaloni kwa ajili ya mchuzi wa Baba wa asubuhi. Katika Biolojia tumesoma kwamba kamongo ana mapafu, na kwamba anaweza kukaa nje ya maji kwa muda mrefu. Jioni ile tulilithibitisha hilo mapajani mwako. Nakupongeza kwa utulivu uliouonyesha. Ulisema tu, "Mama Oyoo, huyu mgeni mwingine hamkunitambulisha," kisha ukaomba kumchukua nyumbani kama fidia ya suruali. Baba hakupata mchuzi, na hadi leo akipita mbele ya nyumba yako hupunguza mwendo na kunusa.

3. Hotuba. Jambo hili naliandika nikiwa nimesimama, kwa heshima. Hotuba yako ni nzuri. Huanza na historia ya mtaa, hupita kwenye usafi wa mitaro, na mwishoni hufika kwenye ndoa, ambapo wewe humtazama kaka, na kaka huitazama sahani yake. Tatizo ni kwamba wakati huo wote samaki wetu, sato, yuko mezani, na ugali wa muhogo upo naye. Ugali huo ukipoa haumegeki. Mwaka jana Shangazi Agutu alitumia tonge lake kuuzuia mlango usijifunge, na mlango ulitii.

4. Foleni ya keki. Kwetu, kama kwa wengi, mwenye siku yake huwalisha watu keki kwa mkono wake, mmoja mmoja, kwa kufuata heshima. Huanza Baba, kisha Mama, kisha wewe mgeni rasmi, kisha Shangazi Agutu, kisha akina mama wa kikundi cha Shangazi Agutu, ambao huja kwa wingi na kwa sare. Mimi huwa wa mwisho kwa kuwa nilizaliwa mwisho, jambo ambalo sikushauriwa. Mwaka jana foleni ilipofika kwangu, keki ilikuwa imekwisha na kilichobaki ni mshumaa. Kaka alinilisha krimu iliyokuwa imeganda kwenye mshumaa, akaninong'oneza, "Pole, mdogo wangu. Mwakani." Mwaka juzi pia aliniambia mwakani. Krimu ya mwaka juzi ilikuwa kwenye kisu.

Ndugu Mwenyekiti, kama malalamiko yangeishia hapo nisingekusumbua. Mtu anaweza kuishi kwa krimu. Sasa nafikia jambo lenyewe.

5. Tamko la Baba. Mwaka jana, baada ya kamongo kuondolewa, Baba alisimama, akagonga glasi ya soda kwa kijiko na kutangaza, kama kawaida yake, umri wa kaka. Alisema, "Kuanzia sasa Oyoo ana miaka ishirini na tisa." Tukapiga makofi. Halafu hakukaa. Akaongeza, "Mwakani nikigonga glasi hii, atakuwa na thelathini. Na mwanaume wa thelathini hasubiri mama yake ampakulie. Atafute pa kwake." Shangazi Agutu, dada yake, akadakia, "Umechelewa kusema, kaka. Huyu tutakuja kumzikia hapahapa kwenye kochi." Watu walicheka sana. Wewe ulipiga makofi, Ndugu Mwenyekiti. Nilikuona.

Kwa desturi yetu ya Rorya, kijana akikua hujijengea kijumba chake palepale kwenye boma la baba yake. Kwa Kijaluo huitwa simba, ingawa hakiung'ati mkono wa mtu. Kaka angejenga hicho asingehitaji kwenda popote. Lakini Baba alipima uani kwetu kwa hatua, pande zote, akapata jiwe. Kwa hiyo Shangazi Agutu amemtajia kaka vyumba vya Kamanga, ng'ambo, ambako mtu huenda kwa kivuko. Kaka hakukataa. Alisema, "Tutaona." Katika ukoo wetu, watu wote waliohama walianza kwa kusema tutaona.

6. Uthibitisho kwamba umri huo unazuilika. Naomba usome namba hii mara mbili, kwa sababu ndiyo nguzo ya ombi langu. Nyumbani kwetu mwaka wa mtu hauhesabiwi mpaka glasi igongwe. Mwaka ule aliofariki Bibi hatukufanya chakula cha kaka kwa sababu ya msiba. Mwaka uliofuata Baba aligonga glasi na kutangaza ule ule umri ambao kaka alipaswa kuufikisha mwaka wa msiba. Mimi nilinyoosha kidole kusahihisha. Mama alinijibu, "Mwaka ule hatukumkatia keki, sasa angeukua na nini?" Hakuna aliyempinga, hata wewe. Ndiyo maana kwa cheti cha kuzaliwa kaka Jumamosi atakuwa na miaka thelathini na moja, lakini kwa glasi ana ishirini na tisa, na glasi ndiyo inayofuatwa.

Kwa hiyo ni wazi. Pasipo chakula hapana glasi. Pasipo glasi hapana thelathini. Pasipo thelathini, kaka hana sababu ya kupanda kivuko.

7. Madhara kwa umma. Kaka akirudi kutoka kazini hupiga mluzi mara mbili akiwa bado chini ya jiwe, karibu na zizi lako. Mluzi huo ndio unaotufahamisha kwamba ni wakati wa kubandika maji ya ugali. Akihamia Kamanga, mluzi wake hautavuka ziwa, nasi hatutajua kwamba ni jioni. Pia ndiye anayenifundisha sehemu, katika Hisabati, kwa kutumia spana zake. Mwalimu wa Hisabati hujiuliza kwa nini karatasi zangu zina grisi, lakini amekiri kwamba majibu ni sahihi. Na tukikaa mezani, yeye hukaa upande wangu, na kichwa cha samaki akipewa hunipa mimi jicho moja bila kuombwa. Sijui ni nani mwingine katika mtaa huu anayetoa jicho.

Kutokana na hayo, naomba ofisi yako itekeleze moja kati ya mambo yafuatayo, kwa kuanzia na la kwanza na kushuka ikibidi:

(a) Itoe tangazo kwamba kusherehekea siku ya kuzaliwa ya mtu mwenye ndevu ni marufuku katika Mtaa wa Mawe Mawili.

(b) Ikishindikana, chakula kifanyike lakini Baba aruhusiwe kutangaza ishirini na tisa pekee, tena na tena, kila mwaka. Mama tayari anaikubali hesabu ya namna hiyo.

(c) Ikishindikana, ichukue kijiko. Nitakuonyesha kilipo.

(d) Ikishindikana kabisa, ichukue glasi zote, na wageni wanywee vikombe vya plastiki, ambavyo ukivigonga havisikiki.

Siombi uzuie umri wa mtaa mzima. Wengine wanaweza kuendelea kukua kama walivyopanga. Naomba huyu mmoja tu.

Nina matumaini kwamba ombi langu litafikiriwa kwa moyo ule ule uliowafikiria mbuzi. Ukiona ni vyema kunijibu, tafadhali mpe jibu mtu yeyote isipokuwa Baba, Mama, Shangazi Agutu na kaka Oyoo.

Msalimie sana Mama Lufungulo, mwambie mbegu za mchicha alizotupa zimeota kwenye ufa wa jiwe. Wasalimie wajumbe wa kamati ya mtaa, kila mmoja kwa cheo chake. Wasalimie mbuzi. Na kama kamongo bado hujamla, msalimie naye, kwa kuwa hakuwa na kosa.

Wako mtiifu, mkazi wa mtaa wako tangu kuzaliwa,

Princess Adoyo Oluoch

Nyongeza: Ndugu Mwenyekiti, nilikuwa nalamba bahasha wakati kaka alipopiga mluzi, akapanda, akaona jina lako juu yake na kuniuliza kulikoni. Sikuweza kumdanganya. Aliisoma barua yote. Alipofika kwenye gari la sukari alikaa chini, na alipofika kwenye jicho la samaki akairudia namba 7 tangu mwanzo. Kisha akaniambia jambo ambalo wewe na yeye mlikusudia kulitoa mwishoni mwa hotuba yako: kwamba haendi Kamanga, na kwamba amepanga chumba chako cha uani, kile chenye mlango wa kijani, nyuma ya zizi la mbuzi.

Nimetoka nje na kuhakikisha. Mlango ule unaonekana kutoka kwenye jiwe letu. Tumejaribu pia mluzi, yeye akiwa kule na mimi huku, na unasikika vizuri, ingawa mbuzi walidhani wanaitwa. Amesema ugali ataendelea kula kwetu kwa sababu hajui kusonga. Mama amesema chumba anachokiacha ni changu.

Kwa hiyo nafuta namba 1, 2, 5, 6 na 7, pamoja na maombi yote kuanzia (a) hadi (d). Sikuandika barua upya kwa sababu mwandiko ulikuwa umekaa vizuri. Tafadhali njoo Jumamosi. Maji ya kumwagia nimeshaanza kuyapandisha, na ndoo nitaikagua mwenyewe kabla. Nitamwomba Baba agonge glasi mara mbili ili kufidia mwaka wa msiba, maana kaka hana tena sababu ya kubaki nyuma.

Namba 3 naiacha kama ilivyo.

Namba 4 imepatiwa ufumbuzi. Kaka amesema safari hii foleni ya keki ataianzia mwisho. Nimepiga hesabu, kwa sehemu, na keki haitafika mbele. Baba bado hajaambiwa. Wewe nakushauri, kwa heshima, uje ukiwa umeshakula.