Lenzi ya Marehemu na Ukungu wa Rebero

Jamani, leo nimejiaibisha mbele ya mtaa mzima, na mtaa mzima ulikuwa na majembe mkononi.

Naanza mwanzo, nisije nikamwonea mtu. Shangazi yangu Consolata amehama leo kutoka Rebero, mtaa wa kilimani. Anaenda kuishi kwa binti yake, mji wa Huye, nyumba imeshauzwa. Aliniomba kitu kimoja tu: nimpigie picha ya bonde likiwa na ukungu, kutoka uani kwake, kwa lenzi ya zamani ya marehemu mume wake. Marehemu alikuwa akiipiga picha hiyo kila msimu wa mvua, lakini zote zililoa na kuharibika.

"Nataka niitundike kule," alisema, "nikiamka niione."

Kamera ni yangu, ya kisasa. Lenzi ni ya chuma, nzito kama kufuli, na unazungusha pete yake kwa mkono mpaka picha ikae sawa. (Nilijifunza kwenye video. Nilielewa nusu.)

Alfajiri nilikuwa uani. Na ukungu ulikuwepo! Umejaza bonde lote, vilele vya vilima tu vimechomoza. Ningepiga palepale, leo nisingekuwa na la kuandika. Lakini nikajifanya fundi, nikasema nisubiri jua liuguse kidogo. Vidole vikafa ganzi. Lenzi ikawa baridi kama geti la chuma.

"Njoo unywe chai, utaganda huko!" shangazi akaita kutoka jikoni.

Kwa haki kabisa, hakunilazimisha. Niliingia kwa miguu yangu, kamera shingoni. Chai ya maziwa na tangawizi ilikuwa inachemka juu ya mkaa, mvuke umetanda. Miwani yangu ikafunga ukungu mara moja. Nikaivua, nikaitia mfukoni. (Yaani niliiona miwani. Kwa macho yangu. Na bado sikuifikiria lenzi.) Nikanywa kikombe, nikaongeza kingine. Chai ya shangazi ni tamu, na hilo si kosa lake.

Mara nikasikia watu nje. Ilikuwa Jumamosi ya umuganda, ile kazi ya pamoja ya mtaa ambayo magari hayatembei mpaka iishe, majirani wanashuka kuzibua mitaro, wakapitia kumuaga. Nikainua kamera, nikachungulia kupitia mlangoni. Mungu wangu! Ukungu mweupe, mzito kuliko ule wa alfajiri!

"Shangazi, toka haraka! Ukungu umeongezeka!"

Nikatoka, jicho limegandana na kamera. Nikawapanga wote ukingoni mwa ua, shangazi katikati na kitenge chake cha safari. Nikaanza kuamrisha kama mkubwa fulani.

"Msitikisike! Mzee Faustin, sogea kidogo, unaziba ukungu!"

Mzee Faustin, jirani wa nyumba ya kushoto, akasogea. Hakuuliza. Hakuna aliyeuliza. (Si mnatujua? Mtu atasimama juani na jembe lake kimya, anaogopa kukuaibisha.) Nikapiga. Nikapiga tena.

"Ukungu wa ajabu huu!" nikasema.

Mtu mmoja akakohoa.

Ndipo shangazi akaniuliza polepole, "Mwanangu, ukungu uko wapi?"

Nikashusha kamera. Nikavaa miwani. Jua kali! Bonde liko wazi kama sahani iliyooshwa. Unaona mabati, unaona mpaka nguo zilizoanikwa ng'ambo. Nikaigeuza lenzi. Kioo chote kimefunikwa na mvuke wa jikoni.

"Yewe! Amepiga picha chai!" akapiga kelele Mama Divine, jirani wa chini.

Hapo walicheka mpaka majembe yakaanguka. Mzee Faustin alijitahidi kujizuia, namshukuru kwa hilo, ila alishindwa.

Shangazi hakucheka. Aliitazama ile picha kwenye kamera: weupe mtupu, na vivuli vya watu ndani yake.

"Marehemu alikuwa hagusi chai mpaka amalize kupiga," akasema. "Nikimwita, anakataa kuingia. Miaka yote ile nilidhani haipendi chai yangu."

Niliifuta lenzi, nikampigia nyingine ya bonde wazi. Akasema ni nzuri. Ni mpole, angesema hivyo hata ingekuwa mbaya. Umuganda ulipokwisha na magari yakaruhusiwa, akaondoka. Ameniomba nimtumie ile nyeupe pia. Ukungu wenyewe haukurudi.

Naomba msicheke. Majirani wameshacheka kwa niaba yenu.