Neno la Kijivu Chini ya Jina la Bosi

Jumatatu, 3 Machi
Wiki ya mwisho ya majaribio hapa duka la uchapaji. Ijumaa bosi ataamua kama nabaki mapokezi. Lazima nibaki. Wapi tena nitaruhusiwa kuja na mwanangu? Kitufe kalala kwenye boksi la karatasi, mashine ya kopi inamwimbia.

Fundi wa kompyuta ametuwekea programu ya kuandikiana ujumbe. Mimi mapokezi, mchora kadi dirishani, bosi chumba cha nyuma. Unaandika neno hapa, linatokea kule. Nimeitazama asubuhi nzima. Ni programu huria, kasema fundi: ya bure, imeachwa wazi, na yeyote anaweza kuitia Kiswahili. Jina lake litawekwa humo humo, dunia nzima ilione. Nimeomba nipewe mimi. Kauliza kama nimesoma sana. Nimemjibu nimesoma kiasi, ila nasema sana.

Jumanne, 4 Machi
Nimetafsiri maneno kumi na moja leo, kwa mkono mmoja. Mwingine una Kitufe. Kuna kisanduku cha mtu kueleza hali yake. Nimekiandika “Hali yako?” Mchora kadi akakijaza: “Nzuri, sijui yako.” Kutwa nzima hayo yako chini ya jina lake. Bosi kamjibu mara nne kwamba naye hajambo.

Mchora kadi kanuna. Ana binamu yake anayeitamani meza yangu. Najua.

Jumatano, 5 Machi
Neno gumu. Mtu asipogusa kompyuta dakika kumi, jina lake hugeuka kijivu na chini hutokea neno la Kiingereza, “idle”. Nimelifikiria tangu namwogesha mtoto. Kamusi ya shule imenipa: Mvivu. Fupi, linaenea. Nikahifadhi.

Akilini nilimwona Kitufe wa miaka ijayo, mkubwa, kavaa miwani, anawaonyesha wenzake ofisini: hili neno ni la mama.

Alhamisi, 6 Machi
Kaja mkuu wa shule, anataka kuchapishiwa mitihani. Akauliza kama bosi yupo. Nikamgeuzia kioo cha kompyuta ajionee alama ya kijani ya kuwa yupo. Kumbe kijivu. Akasoma polepole, kama anasahihisha: Bosi, Mvivu. Akauliza kama hilo ndilo jina la ukoo.

Bosi alikuwa mlangoni.

Nikasema ni programu. Mchora kadi akauliza, bila hata kuinua macho:
“Tangu lini programu ikapekua kamusi, mama Kitufe?”

Ijumaa, 7 Machi
Nimekuja na mfuko wa kubebea vitu vyetu. Nimekunja nepi moja moja, taratibu, kama nazituma safari.

Bosi akaniita. Kumbe mkuu wa shule alicheka mpaka akatoa leso, na mitihani ametuachia. Halafu mchora kadi, tangu jana, hajabanduka kitini kwa kuogopa lile neno. Kadi zote tayari.
“Utabaki,” akasema. “Lakini maneno basi. Usiandike hata moja.”
Nikaapa.

Jumamosi, 8 Machi
Nimebaki. Meza yetu, boksi letu. Jua limeingia hadi kwenye karatasi.

Bosi kaenda kunyoa. Mvivu nimelifuta, kufuta si kuandika. Ila pamebaki patupu, panatia huruma. Mtu aliyetutendea wema akae bila neno? “Ametoka” ni kavu, kama tunamsema mwizi. Nikakumbuka moja zuri. Watu hulitamka kwa sauti ya chini, kwa heshima, hata wenye kelele hunyamaza. Nimeandika: Ametutoka.

Jina lake limekaa pale, kijivu, limetulia. Mkewe, ambaye fundi kamwekea programu nyumbani jana, ameshaandika mara sita, na sasa naona simu ya mezani inalia. Lazima kalipenda. Nitapokea Kitufe akimaliza kunyonya.