Nyonga ya Mama Mkwe na Foleni ya Mgao

Jumatatu, 7 Julai 1997
Mtoto hakulala, nami sikulala. Nyonga ya mama mkwe imekwisha, anatambaa hadi chooni. Daktari kasema awekewe ya chuma: ama hospitali ya masista, ama ya kambini kwa wakimbizi. Tuchague sisi. Wifi yangu Deodata anataka masista, utadhani kawazaa yeye. Nikasema nitahesabu waliopona kote kuwili, kwa haki. Akacheka, eti darasa la saba limenipanda kichwani. Tutaona!

Jumatano, 9 Julai
Nimeuza karanga langoni kwa masista, mtoto mgongoni. Waliowekewa nyonga: kumi na mmoja, vikongwe watupu. Tisa wanachechemea! Masista wamekwisha.

Alhamisi, 10 Julai
Kambini, siku ya mgao. Nimepita foleni nzima ya unga na maharage nikiuliza nani kawekewa nyonga. Wanane. Vijana wima, magunia kichwani! Nikarudi kijijini kwetu Kanazi nikiimba. Nimemsomea mama mkwe hesabu mbele ya Deodata. Mama akasema haya, mwanangu, nakuamini wewe.

Jumamosi, 12 Julai
Sijui niandikeje. Tumemsukuma mama kwa baiskeli, milima yote ile, hadi kambini. Muuguzi Niyonkuru akasoma daftari langu. Akaniita dada, kwa upole uliouma. Asiyeweza kusimama haji kwenye mgao, akasema, hutuma jirani. Akafunua turubai: sita wamelala, nyonga zimegoma. Mama akauliza wazee kama yeye wanaendeleaje hapa. Niyonkuru akasema hapa hawajapasua mzee hata mmoja, wote hupelekwa kwa masista. Ndiyo maana wa kule wanachechemea, na wengi walifika wakiwa wamebebwa.
Mama hakunigombeza. Aliomba tu nimfunike miguu. Nilitamani ardhi inimeze. Deodata naye hakunicheka, alinipokea mtoto akasukuma baiskeli kurudi. Heri angetukana! Jumanne mama anakwenda kwa masista.

Jumapili, 13 Julai
Nimeungama. Padri kasema niache kiburi. Nimeacha.
Kwenye misa somo la kwanza kasoma mzee Matiasi, aliyetolewa mtoto wa jicho na daktari mmoja mgeni. La pili kasoma Ernesta, naye katibiwa macho na daktari huyo huyo. Hakuna aliyekosea neno! Na baba mkwe wangu haoni vizuri siku hizi. Wasomaji wawili, wote wanaona. Jumapili ijayo nakaa benchi la mbele na daftari. Nikipata watano, namsomea baba hesabu.